Kitufe

Gyumri, Februari. Dirisha limeota manyoya ya barafu
na meza ya jikoni si ya kulia tena:
taa sita ndogo kama punje za mahindi,
rezista zenye mistari kama soksi za watoto,
waya nilizochuna kwa meno, maana koleo limeazimwa na jirani,
na katikati, chipu nyeusi ya miguu ishirini na minane,
jongoo mfupi
anayengoja kuambiwa aende.

Kazi ya Mwalimu Yeznik: njia panda ya kadibodi,
barabara mbili, na watu wafike kwao salama.
Nikaandika: kijani, ngoja sekunde tano. Njano, ngoja mbili. Nyekundu.
Kisha upande wa pili, vivyo hivyo.
Usiku wa kwanza nilikosea mstari mmoja
na pande zote mbili zikawaka kijani, zikinikodolea
kama mashahidi waliokubaliana uongo.
Mimi nilicheka. Mama hakucheka.
Alichukua vigari viwili vya mdogo wangu Tatul,
akavigonganisha polepole, pua kwa pua,
akarudi kuosha vyombo.

Basi nikaongeza sekunde moja isiyo na mwenyewe:
nyekundu huku, nyekundu kule.
"Unawasimamisha wote kwa ajili ya nani?" Tatul akauliza.
Kwa ajili ya yule aliyekwisha kuingia,
nikamwambia,
na bado yuko katikati.

Jumapili nikaweka taa mbili za waendao kwa miguu
na kitufe kilichong'olewa kwenye redio mbovu.
Bibi Satenik wa ghorofa ya tatu akaja kurudisha koleo,
akakibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kwa kidole gumba.
"Kiziwi," akasema, "kama marehemu mume wangu,"
akapanda ngazi zake.

Kosa lilikuwa katika neno moja: ngoja.
Mimi naandika ngoja, jongoo anasikia lala.
Anafumba macho, anahesabu milisekunde elfu tano,
na mpaka amalize
kidole kinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mwalimu Yeznik, kwenye simu, akitafuna kitu:
"Usimwambie angoje. Mwambie atazame saa.
Na kila akitazama saa, autazame na mlango."

Nikafuta kila ngoja. Nikaandika upya hadi jiko likapoa:
Saa ngapi? Bado. Kitufe? Hakuna.
Saa ngapi? Bado. Kitufe? Hakuna.
Saa ngapi?
maelfu ya mara kabla mtu hajapepesa jicho,
bila kuchoka, bila kulalamika, bila kusinzia.

Nilipoinua kichwa Mama alikuwa upande wa pili wa meza.
Baba yuko Samara tangu Machi, anajenga nyumba za watu;
kila mwaka hurudi na theluji,
mwaka huu theluji imekuja peke yake.
Mama anafuma. Mishono kumi, anageuza simu, anailaza.
Mishono kumi, sufuria, simu.
Mishono kumi.
Sikusema kitu. Nilikuwa nimekwisha kuiandika programu ile,
na nilidhani ni yangu.

Asubuhi Bibi Satenik alipita na mfuko wa viazi.
Akabonyeza mara moja, bila imani.
Kijani ikamaliza zamu yake, njano, nyekundu,
nyekundu pande zote,
kisha taa ndogo ya miguu ikawaka.
"Kumbe kanasikia!"
Akavivusha vidole vyake viwili juu ya kadibodi,
kimoja, kisha kingine,
kwa mwendo wa magoti yake mwenyewe,
na alipofika katikati sekunde nane zikaisha.

Nikavua koti la shule, nikaketi tena.
Nikafuta nane.
Nikaandika kumi na tano.